Mawe Yanayokunywa Maji

Dada yangu alipompeleka binti yake Mbeya kusomea uhandisi wa ujenzi, mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema fedha zitapotea bure. Sikusema kwa ubaya. Nimeishi na ujenzi kwa zaidi ya miaka thelathini, mara msimamizi, mara mtunza stoo, mara fundi wa kawaida nilipokosa usimamizi, na nilikwisha kuwaona vijana wengi wenye vyeti wanaoweza kukokotoa uzito wa daraja lakini hawajui zege likishikwa mkononi linatakiwa liwe namna gani. Kwa hiyo binti huyo alipokuja Njombe likizo ya Julai 2022, akaniambia, "Mjomba, naomba nipige picha kokoto zako," nilicheka. Nilimwambia kokoto hazijaalikwa harusini.

Kokoto zenyewe zilikuwa lundo nyuma ya nyumba yangu, zimekaa hapo miaka kadhaa, zimeota majani. Zilitoka Makambako, katika nyumba ya marehemu baba. Baba alifika Makambako mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Wachina, Watanzania na Wazambia walipokuwa wakijenga reli ya TAZARA. Mahali ambapo reli ilikutana na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, na njia ya Njombe na Songea ikachepuka, palikuwa mahali pa mtu mwenye akili kujenga. Naye akajenga, jirani kabisa na barabara. Msingi na sakafu akamwaga zege, kuta akapandisha kwa matofali ya kuchoma. Mawe ya zege lile aliyapata wapi, mwenyewe hakusema, na sisi tulilelewa kutouliza.

Ujirani na barabara ndio uliomtajirisha na ndio uliomponza. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu ikawa mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba ya baba ikajikuta imo ndani. Siku moja ikaamka na alama ya X nyekundu ukutani. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Tuliibomoa wenyewe, mimi na ndugu zangu, kwa nyundo na mitaimbo, kuliko kungoja kubomolewa. Kaka yangu alitaka kifusi chote akiuze kijazie mashimo. Mama akakataa. Alisema, "Mawe ya baba yenu hayatupwi barabarani kukanyagwa na malori." Basi nikazungumza na dereva wa lori lililopeleka mbao Makambako na kurudi tupu, akakileta Njombe kwa bei ya mafuta.

Hivyo ndivyo nilivyopata kifusi. Na miaka ilipopita, mama akiwa amehamia kwangu na miguu imeanza kumkataa, niliamua kumjengea chumba chenye choo ndani, maana baridi ya Njombe si ya kumtoa mzee nje usiku. Kwake halikuwa suala la kujadili: chumba kijengwe kwa mawe ya baba. Sakafu, linta, na bamba la zege la kubebea tangi la maji juu ya choo. Mama atalala chini ya zege hilo. Nilikubali mbele yake, lakini moyoni sikuwa na amani, na sababu yake nitaieleza mahali pake.

Turudi kwa binti. Alitandika kitambaa cheusi juu ya meza, kibarazani, upande usiopigwa na jua. Akazipanga kokoto mojamoja, zisigusane, kama mtu anayechagua maharage ya mbegu. Pembeni akaweka rula ya shule. Kisha akapanda juu ya kiti na kupiga picha kwa simu ya mkononi, simu ileile anayompigia mama yake. Mimi nilitegemea kuona mtambo.

Picha zile alizitia katika kompyuta ndogo yenye programu iitwayo ImageJ, ambayo Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zimekuwa zikiitoa bure tangu mwaka 1997. Ilitengenezwa kwa ajili ya watafiti wa tiba, wahesabu chembe chini ya hadubini. Nilimuuliza chembe za damu na kokoto zina undugu gani. Akaniambia kwamba kwa kompyuta hakuna damu wala kokoto, kuna vidoa tu. Picha ikikuzwa sana huonekana ni vidoa vya mraba, maelfu kwa maelfu. Kidoa kikigeuzwa rangi ya kijivu hupewa namba: 0 ni cheusi kabisa, 255 ni cheupe kabisa, na vingine vyote vimo katikati. Kazi ya kwanza ni kuamua namba ya mpaka. Kilicho chini ya mpaka ni kitambaa, kilicho juu ni jiwe. Mjapani aitwaye Nobuyuki Otsu alieleza mwaka 1979 jinsi hesabu yenyewe inavyoweza kuuchagua mpaka huo, bila mtu kukisia kwa jicho, na hadi leo njia yake inatumika. Baada ya hapo ni kuhesabu. Rula inaeleza milimita moja ni vidoa vingapi; vidoa vya kila jiwe vinaeleza urefu wake, upana wake na eneo lake. Hata umbo hupewa namba: chukua eneo, zidisha kwa 4 na kwa pai, gawanya kwa mzingo uliozidishwa kwa wenyewe. Duara kamili hupata 1. Jiwe lenye kona na mapengo hupata chini ya hapo.

Yote hayo ni ya kuvutia, lakini kwa kokoto za kifusi jambo kubwa ni rangi. Kokoto iliyotoka katika zege kuukuu si jiwe tupu, ni jiwe lililovaa koti. Koti hilo ni mchanga na saruji ya zamani, na lina vitundu vidogo visivyoonekana. Jiwe la ndani linaweza kuwa gumu kama siku lilipopasuliwa, lakini koti linavunjika upesi na linanyonya maji. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua ubora wa kokoto hizo lazima ajue mawe safi ni kiasi gani, yenye koti kiasi gani, tofali kiasi gani. Ulaya wana utaratibu wa maabara wa mwaka 2009 unaotaka zichambuliwe kwa mkono, zege fungu lake, mawe matupu fungu lake, tofali, lami, vioo, na takataka nyinginezo, kisha kila fungu lipimwe uzito. Ni kazi ya kuchambua mchele wa harusi. Ndiyo maana watafiti wa huko wanaifundisha kompyuta itazame picha na kuchambua badala ya mtu. Binti yetu alitaka kujua kama kitu hicho kinaweza kufanyika kibarazani kwa mjomba.

Jibu la kwanza la kompyuta lilinifurahisha isivyo haki. Ilisema karibu nusu ya lundo langu ni tofali. Mimi niliyelibomoa zege lile kwa mkono wangu nilijua si kweli, kwa sababu matofali mengi mazima tuliyauza palepale Makambako. Nikamwita dada aje asikie. Binti hakujitetea. Alichukua jiwe moja, akalikwangua kwa ukucha, akanionyesha. Lilikuwa udongo. Udongo wetu wa Njombe ni mwekundu, na lundo lilikuwa limerukiwa na matope kwa misimu kadhaa ya mvua. Kompyuta iliona wekundu, na wekundu ilikuwa imefundishwa kuuita tofali. Akaziosha kokoto zote katika karai, akazianika hadi zikakauka sawasawa (jiwe likiwa na unyevu huwa jeusi zaidi, nalo hupotosha), akapiga tena. Tofali zikabaki chache, kama nilivyojua mimi.

Hapo nilidhani mchezo umekwisha. Lakini aligundua kosa la pili bila kuambiwa. Jiwe bapa likiwekwa mezani hulala kwa tumbo, na kamera ikitazama kutoka juu huona uso mpana mzuri tu. Wembamba wake hauonekani. Na kila fundi anajua kokoto bapa ni adui wa zege. Akayasimamisha mawe kwa vidonge vya udongo na kuyapiga ubavu. Kisha akayageuza yote na kupiga chini, kwa sababu jiwe linaweza kuwa na uso safi juu na mgongo wenye koti zito. Siku mbili nzima. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi ya Julai, na mama alikuwa akimtumia chai kibarazani na kuuliza huyu mtoto amepatwa na nini. Mimi nilikwisha kuacha kucheka.

Nikiri hapa kwamba kulikuwa na mtu mwingine aliyejua habari za kokoto zile kabla ya kompyuta, nami sikumsikiliza. Kifusi kilipofika kutoka Makambako nilimpa kazi mama mmoja anayegonga kokoto. Ndugu msomaji, kama umepita katika barabara zetu umewaona akina mama hao: kipande cha mpira kimezungushwa jiwe lisiruke, nyundo, ndoo, mwavuli au turubai kuzuia jua. Alipogonga kifusi changu kwa saa moja tu aliniambia, "Baba, mawe haya yanalia butu." Akanigongea jiwe la mtoni alilokuwa amelikalia, likalia kama kengele. Akagonga la kwangu, likalia kama kiazi. Nikamwambia agonge tu, mshahara ni kwa ndoo. Sasa kompyuta iliniambia kwa vidoa kile alichoniambia kwa sauti: sehemu kubwa ya nyuso za mawe yale ilikuwa koti.

"Kubwa kiasi gani ndiyo mbaya?" nilimuuliza binti. Hapo ndipo alipopanda cheo machoni pangu, kwa kuwa alisema picha haiwezi kujibu hilo peke yake. Picha inaona ngozi. Maji ndiyo yanayoingia ndani.

Basi tukafanya jaribio la ndoo, ambalo halihitaji umeme. Tulikausha kokoto jikoni juu ya jiko la mkaa hadi uzito wake ukaacha kupungua. Tukapima kilo 2 kamili kwa mizani ya kupimia unga wa keki. Tukazilowesha katika ndoo saa 24. Tukazitoa, tukazifuta kwa taulo kuukuu hadi zikapoteza mng'ao wa maji juu, tukapima tena. Kokoto mpya nilizonunua kwa wapasuaji zilikuwa gramu 2,018, maana yake zimekunywa gramu 18, haifiki hata asilimia moja. Za baba zilikuwa gramu 2,124. Asilimia 6.2.

Wajapani, ambao wana majengo mengi ya kubomoa na machimbo machache ya kuchezea, waliweka mipaka yao kati ya mwaka 2005 na 2007. Kokoto za kifusi za daraja la kwanza zisinywe zaidi ya asilimia 3, ndipo zitumike kama kokoto nyingine yoyote. Daraja la kati asilimia 5, la chini 7. Hizo za chini huwekwa mahali pasipobeba mzigo mzito, kama zege la kusawazishia chini ya msingi. Kwa hesabu hiyo mawe ya baba yalikuwa ya daraja la chini. Sakafu, sawa. Linta, hapana. Bamba la tangi juu ya kichwa cha mama, hata kusema nisingeweza.

Binti alikuwa akiandika namba hizo katika daftari. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoka, nimesimama nyuma ya nyumba karibu na lundo, nikifanya hesabu nyingine kichwani. Mchanganyo wa moja kwa mbili kwa nne. Mfuko mmoja wa saruji, kilo 50. Kokoto zake za kifusi, kwa makisio, kilo 170 hadi 180. Asilimia sita ya hizo ni lita kumi na ushei. Na mfuko mmoja hutiwa maji lita 25 hadi 30 hivi. Maana yake mawe makavu ya namna ile yanaweza kunywa zaidi ya theluthi ya maji yote uliyoyapima. Lita kumi. Nusu ndoo.

Nusu ndoo hiyo nilikuwa naijua.

Mwaka 1994 nilikuwa msimamizi mdogo wa ujenzi wa jengo la zahanati, kijiji kimoja kati ya Njombe na Makambako. Siku hizo Njombe bado ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Mkoa wetu ulikuja mwaka 2012. Kazi ilikuwa imechelewa, mvua zilikuwa karibu, na mwenye tenda alikuwa akinihimiza kila jioni. Lori la kokoto lilikuja giza likiingia. Nilimulika kwa tochi. Niliona nyuso nyeupe-kijivu juu ya mawe, niliona vipande vyekundu vya tofali, nikajua kabisa kwamba mtu amevunja sakafu kuukuu mahali na kuniuzia kama kokoto mpya. Ningeweza kulirudisha lori. Nikatia sahihi. Sikupewa kitu, na hilo ndilo lililonifanya kwa miaka mingi nijione sina hatia: sikula rushwa, nilichoka tu.

Kesho yake tulimwaga linta. Alikuwapo saidia fundi mmoja, kijana wa miaka ishirini hivi, mchanganyaji mzuri kuliko wote, na maji alikabidhiwa yeye. Nilimpa kipimo: ndoo moja na robo kwa mfuko, ndoo za lita 20. Saa nne asubuhi nikamkuta anaongeza. Nilimkaripia. Akasema zege linakauka kwenye karai kabla halijafika juu, mafundi hawawezi kulishindilia. Nikamwambia kipimo ni kipimo. Nilipogeuka akaongeza, nusu ndoo kwa kila mchanganyo, na wapo waliomwona.

Baada ya wiki tatu tulitoa mbao. Linta ya mlango mkubwa ilikuwa na ufa unaoweza kuingiza sarafu, na kona yake ilimeguka kwa kidole. Hakuna aliyeumia. Ilibomolewa, ikarudiwa, na gharama ikatafutiwa mwenyewe. Kila mtu anajua kuwa maji mengi huua zege. Nilisoma hivyo, nilifundisha hivyo, na ni kweli. Kwa hiyo niliposema kijana aliongeza maji kinyume cha maelekezo, hapakuwa na haja ya ushahidi mwingine. Alifukuzwa siku ileile, na mshahara wake wa mwezi ukakatwa kulipia saruji. Lori la kokoto sikulitaja. Hakuna aliyeniuliza.

Sisemi sasa kwamba ufa ule ulitokana na mawe peke yake. Zege likitiwa maji kwa jicho mtu hupitiliza, na koti bovu na vipande vya tofali navyo vina sehemu yao. Pengine nondo nazo hazikukaa vizuri. Lakini najua kwa hakika kwamba kijana yule hakuongeza maji kwa uvivu wala kwa ujinga. Aliona zege linakufa mikononi mwake kwa sababu mawe yalikuwa yanamnywea maji, naye akawarudishia mafundi kile ambacho mawe yamechukua. Kama ningemwambia alowanishe kokoto usiku uliotangulia, asingehitaji hata kikombe. Wajerumani baada ya vita vya 1945 walijenga upya miji yao kwa vifusi vyao wenyewe, matofali na yote, kwa hiyo si kwamba elimu hiyo haikuwapo duniani. Haikuwa kwangu. Na hata kilichokuwa kwangu, yaani macho na tochi, nilikizima.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Binti alikwisha kurudi Mbeya, akiwa ameniachia nakala za picha zake, karatasi mbili ngumu zilizochapishwa mjini. Upande wa kushoto mawe kama yalivyo. Upande wa kulia mawe yaleyale yamepakwa rangi na kompyuta, bluu kwa jiwe safi, njano kwa koti, nyekundu kwa tofali. Njano ilikuwa nyingi. Nikaziweka katika bahasha, nikapanda basi dogo kwenda Makambako.

Kumpata hakukuwa kazi. Makambako ni mji wa njia panda, watu hupita wengi lakini wakazi wanajuana. Nilielekezwa kwenye yadi ya mbao, upande wa stesheni. Amekuwa mtu mzima, mvi zimeanza masikioni, ana watoto sita na mashine moja ya kuranda mbao anayoimiliki kwa ubia na shemeji yake. Alinitambua kabla sijajitaja. Tukaamkiana kwa Kibena, "Kamwene," kisha akaongeza kwa Kiswahili, "Shikamoo, mzee." Sikuitegemea shikamoo ile. Niliitikia, kwa kuwa kutoitikia ni kumtukana mtu, lakini ilinikaa kooni.

Nilikuwa nimetunga maneno ndani ya basi. Yote yalipotea. Nikatoa bahasha na kumpa picha. Alifuta mikono yenye vumbi la mbao kwenye suruali, akaishika karatasi kwa ncha, akaitazama sana, hasa upande wa kushoto. Rangi za kompyuta hakuzijali. Kisha akasema:

"Haya ndiyo yale."

Nikamwambia hapana, haya ni ya nyumba ya baba, hapa hapa Makambako.

"Najua si yenyewe. Nasema ndiyo yale. Nilikuambia siku ile, mzee. Nilikuambia bosi, mawe haya yanakunywa."

Sikumbuki kuambiwa. Nimejaribu sana, na namkumbuka akisema zege linakauka, lakini hilo la mawe kunywa silikumbuki kabisa. Nadhani alisema. Ninavyojifahamu, alisema.

Nilimweleza kila kitu, lori, tochi, sahihi, na kwamba niliposimama mbele ya mwenye tenda nilinyamaza. Nilimweleza pia habari za mizani na gramu 124. Alisikiliza huku mashine ya jirani ikipiga kelele, ikabidi nirudie sehemu nyingine kwa sauti, na si maneno yanayofaa kupigiwa kelele katika yadi ya mbao. Nilipomaliza nikampa fedha niliyokuwa nimeikadiria kuwa mshahara wa mwezi wa saidia fundi kwa siku hizi. Aliihesabu mbele yangu. Akarudisha noti mbili, akasema saidia hapati kiasi hicho hata leo, na zilizobaki akatia mfukoni. Hakusema amenisamehe na mimi sikuuliza. Alisema mwaka ule mke wake alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza na walirudi kula kwa wazazi wake. Kisha akaniuliza hayo mawe ya baba nitayafanyia nini.

Nilimwambia sakafu tu. Linta na bamba la tangi nitatumia kokoto mpya.

"Nani atakuchanganyia?"

Nikasema bado sijapata mtu. Akataja bei yake kwa siku. Ilikuwa kubwa, karibu mara mbili ya bei ya Njombe, na nauli juu. Nikakubali.

Kwa mama nilisema ukweli kabla hajafika fundi: mawe ya baba yatakuwa chini, si juu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama sakafu itakuwa ya baridi. Nikamwambia tutaweka zulia. "Basi hapo," akasema, "baba yako alipenda sakafu kuliko kuta."

Alikuja Ijumaa jioni kwa basi la mwisho, ukungu ukiwa umeshuka hata taa za jirani hazionekani. Hakutaka chai kwanza. Alizunguka nyuma ya nyumba, akachota jiwe kwenye lundo, akaligusisha ulimi, likanata. Akacheka peke yake. Akaomba mpira wa maji, akalimwagilia lundo lote kutoka juu hadi maji yakatokea chini, akangoja, akamwagilia tena. Akaomba magunia, tukayalowesha na kulifunika, yeye upande huu na mimi upande ule, vidole vikituuma kwa baridi. Akaniambia asubuhi saa kumi na mbili nisimguse mtu ndoo ya maji, ndoo ya maji ni yake.

Nikamwambia sawa.